Meza Iliyo Karibu na Soketi

Nikiingia hoteli yoyote mjini Migori, macho yangu hupanda ukutani kabla hayajatua kwenye orodha ya vyakula. Natafuta soketi. Nikiiona, naangalia kama iko wazi au friji ya soda imeshaikalia, kisha naangalia spika imetundikwa upande gani. Chapati na maharagwe baadaye. Mama mwenye hoteli ninayoizoea, nyuma kidogo ya steji, ameshanijua. Akiniona tu hunipazia sauti kutoka jikoni: “Nyar Sakwa, ile ya pembeni haifanyi leo, keti huku karibu na dirisha!”

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti huja huku kwetu kusini mwa Nyanza, wakazungumza na akina mama wa kliniki, wavuvi, wachimbaji dhahabu na wahudumu wa afya wa vijijini, kisha sauti hizo nikatumiwa mimi. Nazisikiliza kwa hedifoni, nazichapa kwa Dholuo au Kiswahili kama zilivyosemwa, halafu nazitafsiri kwa Kiingereza. Wanaonilipa wako Nairobi na ng'ambo, na hakuna hata mmoja anayejua ninakaa kwenye kiti gani. Nyumbani kwangu ni Awendo, na siku nyingi nyumbani hapafai: watoto, wageni, fundi wa paa la jirani. Basi nafanya kazi popote kati ya mto Migori na Ziwa Victoria, Nam Lolwe kwa Dholuo, mradi faili lifike kwa wakati.

Vijana wanaotaka kufanya vivyo hivyo huniuliza ni wapi pazuri, wakitarajia niwatajie jina la mkahawa. Mimi huwauliza kwanza: saa ngapi? Katika miji ya Migori na Homa Bay kila mahali pazuri ninapopajua pana saa zake, na saa hizo zikipita panakuwa pabaya kuliko kukaa chini ya mwembe. Meza ambayo saa tatu na nusu asubuhi ni ofisi ya mtu mmoja, saa saba mchana inagombewa na watu sita na bakuli la mbuta.

Migori imejipanga kandokando ya barabara kuu ya A1, ile itokayo Isebania kwenye mpaka wa Tanzania na kupitia Awendo, Rongo na Kisii. Kila kitu hupita katikati ya mji: malori ya kutoka ng'ambo ya mpaka, trela za miwa, bodaboda, makanga wanaoita abiria wa Rongo na Kisii. Maduka ya simu yametoa spika zao hadi kwenye vibaraza. Ukitembea kutoka steji hadi sokoni utakuwa umesikia Dholuo, Kikuria, Ekegusii, Kiswahili cha Kenya na kile cha Tanzania, na pengine Kisomali. Naupenda uchangamfu huo. Ila mtu akikutumia kanda ya bibi wa miaka sabini aliyeongea kwa sauti ya chini, nje kuku wakilia, utajua mji huu una desibeli ngapi.

Ndiyo maana hoteli za kawaida za chai nazipendelea kuliko zile za ghorofani zenye viti vya sofa na muziki wa kutwa. Kuanzia alfajiri hadi saa mbili na nusu ni zamu ya watu wa chai: madereva, walimu, wenye maduka. Wakishaondoka, hoteli hulala. Wapishi wako nyuma wakichambua osuga na sukuma, televisheni haijawashwa, na mhudumu amekaa mlangoni akiangalia simu yake. Saa tatu hadi saa tano na nusu ndizo saa zangu. Saa sita ikikaribia nakusanya vyangu bila kuambiwa, kwa sababu mama wa hoteli hupata riziki yake ya siku katika saa mbili za mchana, na mtu mmoja aliyetandaza kipakatalishi mezani amemnyima sahani tatu.

Kuna adabu za kukalia meza ya mtu, na ni heri uzijue mapema. Agiza ukifika, agiza tena baada ya saa moja hivi, hata kama ni chai ya pili na mandazi. Na usichomeke bila kuomba. Hoteli nyingi zinatumia stima ya tokeni, na mwenye nyumba huiona ikipungua kwenye mita.

“Mama, naomba nichomeke hapa.”

“Chomeka, nyathina, lakini tokeni imebaki kidogo. Ikizima usiseme ni mimi.”

Hofu hiyo hutulia ukimweleza hesabu. Kipakatalishi cha kawaida hula kama wati 50, kwa hivyo uniti moja ya stima hukiendesha kwa saa ishirini hivi. Birika la umeme la wati 2,000 huimaliza uniti hiyo hiyo kwa nusu saa. Nilipomweleza hivyo mama yule, aligeuka akaliangalia birika lake kwa macho mapya, na tangu siku hiyo chai yake huchemshwa kwa makaa.

Mahali pa pili pa kuaminika Migori ni saiba. Watu hudhani saiba zilikufa simu zilipoingia, kumbe huku kwetu huduma za serikali kuhamia mtandaoni ndiko kulikozifufua: mambo ya eCitizen, ushuru wa KRA, mikopo ya HELB, kuomba nafasi za vyuo. Saiba nzuri ina faiba, ina printa, wakati mwingine ina jenereta, na ina kijana anayejua kabla yako kwamba mtandao umekatika wapi na utarudi lini. Ukimlipa kwa saa, au mkielewana kwa wiki, atakupa kona na kukulindia begi ukienda msalani. Lakini angalia kalenda. Mwisho wa kuwasilisha ritani za ushuru ni tarehe 30 Juni, na wiki ile ya mwisho saiba hugeuka foleni ya watu waliosahau nywila. Matokeo ya mitihani ya taifa yakitoka, vilevile. Siku hizo sisogei huko.

Serikali nayo ina vituo vyake. Mpango wa Ajira Digital ulizinduliwa 2016 kuwafunza vijana kazi za mtandaoni, na baadaye zikaja maabara za Jitume katika vyuo vya ufundi nchini. Kwa anayeanza, asiye na mashine, huko ndiko kwa kwenda, na hakulipiwi. Kwa mwenye mkutano wa simu na mteja, siko: unakaa bega kwa bega na wenzako, mwalimu akiwa na darasa lake mbele.

Kuhusu bega kwa bega, kuna jambo ambalo orodha za mahali pazuri huliacha. Mimi husikiliza siri za watu. Mwanamke anaeleza alivyojua hali yake ya HIV, na anaeleza kwa Dholuo, katika kaunti ambayo kila mtu ana shangazi Ndhiwa na mjomba Karachuonyo. Mtu aliyeketi nyuma yangu akisoma skrini anaweza kumtambua bila hata kuona jina. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini sheria haioni nani ameketi nyuma yako. Kwa hivyo mimi huketi mgongo ukiwa ukutani, kila mara, hata kama dirisha lenye mandhari liko upande mwingine. Mhasibu wa mbali, mwalimu wa mtandaoni, anayejibu malalamiko ya wateja wa benki, wote wana la kuficha. Mkahawa wa Nairobi una wageni wasiojuana. Homa Bay mjini wewe ni mtoto wa fulani.

Sasa niseme kuhusu mvua, maana hii ndiyo huwavunja moyo wengi waliohamia kutoka Nairobi. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa. Hewa baridi na yenye unyevu huvuta kutoka Nam Lolwe kuja bara, ikipanda kuelekea milima ya Gusii, na ikipanda hupoa na kuwa mawingu. Ndiyo sababu miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, asubuhi huwa angavu na alasiri ikanguruma. Saa tisa, saa kumi, upepo unageuka, mabati yanalia, radi inapiga, na stima inapotea. Usiku mwendo huo hugeuka, upepo ukitoka nchi kavu kwenda ziwani.

Linganisha na saa za mteja. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu; kati ya Novemba na Machi ni saa kumi na moja. Yaani Mmarekani anafungua ofisi na kukuita kwenye mkutano wakati hasa mbingu za Migori zinapasuka. Mteja wa London ana nafuu: saa tatu yake hutukuta saa tano au saa sita, kabla ya mvua. Wakati wa kuchagua mteja, watu huangalia malipo. Mimi huangalia pia yuko upande gani wa dunia.

Dawa si kubwa. Kazi nzito, hasa ya kupakia mafaili, iishe kabla ya saa nane. Mahojiano ya saa moja yaliyobanwa vizuri ni kama megabaiti 60, lakini yale yaliyorekodiwa bila kubanwa hufika mia sita, na hayo ukiyaanza saa tisa umejitakia. Nunua betri ndogo ya ruta, ile inayokaa katikati ya ruta na soketi. Stima ikipotea, faiba huendelea mradi vifaa vya kampuni huko njiani navyo vina betri. Visipokuwa nayo, hamia bando ya simu, kwa kuwa milingoti mingi ya simu ina betri au jenereta. Na radi ikianza kupiga karibu, chomoa kila kitu ukutani. Hapa sitanii. Radi ya huku huua watu, sembuse chaja.

Kenya Power hutangaza mapema maeneo yatakayokatiwa stima kwa matengenezo, na mwenye kazi ya mtandaoni asiyesoma matangazo hayo anajionea mwenyewe. Kuna kukatika ambako hakutangazwi. Tarehe 25 Agosti 2023 giza liliingia karibu nchi nzima. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na mtandao ukawa wa kubembeleza kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi hadi hapa. Siku kama hizo hakuna meza nzuri popote, na barua pepe ya kumwarifu mteja ni bora ukaiandika mapema na kuiweka tayari.

Ukielekea Isebania, onyo moja. Simu hushika mtandao wa Tanzania bila kukuuliza, na data ya nje ya nchi hula salio lako lote kabla hujamaliza ugali. Muhuru Bay nako ni vivyo hivyo. Ingia kwenye mipangilio, uzime matumizi ya mtandao wa nje, uchague mtandao wako kwa mkono. Na Thimlich Ohinga, ngome ile ya mawe yaliyopangwa bila udongo, iliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018? Nenda. Kipakatalishi kiache nyumbani.

Kutoka Migori kwenda Homa Bay unapanda hadi Rongo, unakata kushoto, unapita Rodi Kopany, kisha unateremka na kuliona ziwa. Rongo penyewe pasipuuzwe. Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hadhi kamili mwaka 2016, kimezaa nyumba za kupanga zenye faiba ambazo wanafunzi wakienda likizo hubaki tupu, na mwenye nyumba anayekodisha kwa wiki mbili tatu utampata ukiulizia. Safari yenyewe mara nyingi ni ya Probox, na ndani ya Probox iliyojazwa watu kama kawaida yake, hata kufungua simu ni shida.

Homa Bay ni mji wa namna nyingine. Ulikuwa makao makuu ya wilaya ya zamani ya South Nyanza, na mpaka leo ni mji wa ofisi, mashirika na semina. Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyiwa hapa, zikibeba mada ya uchumi wa majini, na macho ya nchi yakageukia ufuo ambao wengi walikuwa wanaujua kwa omena tu. Ni mji wa joto. Uso wa ziwa uko kama mita 1,135 juu ya bahari, hewa ni nzito, na feni ya kipakatalishi hulalamika kutoka saa sita.

Wageni hukimbilia hoteli za ufuoni, na siwalaumu. Kuna vivuli vya miti, upepo, ngege wa kukaanga, na Got Asego nyuma yako. Lakini Jumatatu hadi Alhamisi hoteli hizo ni za semina. Watu arobaini kutoka shirika fulani wamefungiwa ukumbini, wote wako kwenye waifai ile ile, na wakati wa chai ya saa nne wanatoka kwa pamoja na kuikalia bustani. Njoo Ijumaa. Semina zimefungwa, posho zimelipwa, watu wamepanda magari, na mhudumu atakuletea kiti popote utakapo. Chagua kivuli cha kweli, kwa sababu mwanga unaoruka kutoka majini hufanya skrini isisomeke, na saa kumi jua likishuka hata kivuli hakitoshi. Giza likiingia, vijidudu vya ziwani hufuata kila chenye mwanga, na skrini yako ni taa. Nimeshawahi kufuta sentensi nikidhani ni nukta.

Ukiishi karibu na gati, jua pia ratiba ya omena. Wavuvi wake huvua usiku kwa taa na kurudi alfajiri, kwa hivyo asubuhi kuna kelele za wanunuzi, mikokoteni na karai. Kati ya Aprili na Julai serikali huufunga uvuvi wa omena ili samaki wazaliane, na ufuo hutulia. Kwa wavuvi na wachuuzi hiyo ni miezi migumu. Kwa mimi mwenye hedifoni ni miezi ninayoweza kukaa karibu na maji tangu saa moja asubuhi, na naona aibu kidogo kuifurahia.

Mbali zaidi kuna Mbita na kisiwa cha Rusinga. Daraja la kwenda kisiwani, lililofunguliwa 2017, lilichukua nafasi ya tuta la zamani, na sasa maji hupita chini nawe unapita juu. Mbita wana kituo cha utafiti cha ICIPE, kwa hivyo mji umezoea watu wanaokaa na kompyuta kutwa. Hakuna atakayekuuliza kama umefukuzwa kazi. Rusinga nakwenda nikiwa na kazi ya siku kadhaa isiyo na mikutano ya simu, kuhariri hasa. Asubuhi kuandika, alasiri kwenda hadi Kamasengre kwenye kaburi la Tom Mboya, kurudi kabla ya giza.

Siku ya wiki nayo ina uzito. Waadventista Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na tangu wakati huo Jumamosi ya eneo hili si kama Jumamosi ya kwingine. Kendu Bay na vijiji vyake hutulia kiasi cha kusikia baiskeli ikipita. Mmisionari aliyeanzisha kituo kile, Mkanada Arthur Carscallen, alikaa huko akiandika sarufi ya Dholuo mbali kabisa na wakubwa wake, kwa hivyo wa kazi za mbali hatukuanza sisi. Usitarajie chai ya hoteli huko Jumamosi. Hoteli nyingi zimefungwa. Beba yako.

Tofauti na hapo, Ijumaa alasiri kaa mbali na barabara kuu. Ndipo misafara ya mazishi huingia kutoka Nairobi na Kisumu, honi mbele na muziki nyuma, na kukicha Jumamosi vijiji vya wasio Waadventista huwa na vipaza sauti hadi jioni. Usiende kumwambia mtu apunguze. Ni wewe unayehama.

Desemba sichukui kazi ya sauti kabisa. Nairobi yote imerudi nyumbani, vyumba vya ufuoni vimejaa, mtandao wa simu vijijini umeelemewa kuanzia saa mbili usiku, na kila boma lina spika. Nachukua kuhariri maandishi tu, nayafanya alfajiri kabla wageni hawajaamka, na kufikia saa nne nimeshafunga mashine na kwenda kuchinja kuku.